HITA SI ANASA, JAMANI!

Kamwene, kamwene wote! Wa Makete, wa Njombe, wa Mbeya, wa Dar na mliotawanyika duniani kama mimi. Wazee wangu, shikamooni. Sisi huku Brussels ni wazima, tunamshukuru Mungu.

Leo sina hadithi za treni wala za chokoleti. Leo nimekuja kugomba. Najua mdogo hamgombezi mkubwa, ndiyo maana nimeanza na shikamoo. Baba Mdogo, wewe ndiye mwenye gari, kwa hiyo naomba usome mpaka mwisho kabla hujanipigia simu.

Habari yenyewe mnaijua. Kijana anayeendesha ile Land Rover kati ya Chimala na Matamba aliomba hita itengenezwe kabla ya Juni. Ombi likazunguka kwenye simu za ukoo mzima na likajibiwa kwa kicheko. Mmoja akasema sisi tulikwenda shule pekupeku kwenye jalidi na hatukufa. Mwingine akasema kijana anataka kuishi kama yule wa Ulaya. Basi yule wa Ulaya ndiye mimi, na najibu.

Tuanze na hiyo Ulaya. Mnadhani mimi ndiye niliye kwenye baridi na ninyi mko kwenye joto. Wastani wa Januari hapa Brussels ni karibu nyuzi 4. Kitulo iko kwenye mita 2,600 hivi juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai majani yanaganda jalidi, maana yake hapo chini kwenye nyasi ni sifuri au pungufu. Dereva anayewasha gari saa kumi na moja alfajiri huko juu hana tofauti kubwa na dereva anayewasha gari hapa mwezi wa kwanza. Tofauti ni kwamba wa hapa akigeuza kitufe anapata hewa ya moto miguuni, na wa kwenu anapata upepo unaopenya kwenye matundu ya pedali.

Mtasema Wazungu wanadekezwa. Haya, sikilizeni wanavyodekezwa. Sheria ya ustawi kazini ya Ubelgiji inasema kuanzia tarehe 1 Novemba mpaka 31 Machi, mwajiri mwenye watu wanaofanya kazi nje au mahali pa wazi lazima aweke vifaa vya kupasha joto vya kutosha. Hali ya hewa ikidai viwashwe, viwashwe, na nje kukishuka chini ya nyuzi 5 hakuna mjadala. Kwa kazi za ndani wameandika mpaka viwango: nyuzi 18 kwa kazi nyepesi sana, zikipungua kidogo kidogo mpaka 10 kwa kazi nzito sana. Hawa ni watu waliozaliwa kwenye baridi, babu na bibi zao wamezikwa kwenye baridi. Kama kuzoea kungetosha, wao wasingehitaji sheria.

Na msiniambie kwetu hakuna sheria. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na humo mwajiri anadaiwa kumkinga mfanyakazi na hatari za kazi yake. Dereva wa Land Rover ni mfanyakazi, hata kama ni mtoto wa shangazi.

Lakini tuache sheria, tuangalie kioo. Hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Hita ya gari haikuwekwa kwa ajili ya miguu ya dereva peke yake. Ndiyo inayofuta ukungu kwenye kioo cha mbele. Pakia watu kumi, nusu yao wamelowa mvua, funga madirisha kwa sababu ya baridi, kisha washa safari. Pumzi zote zile zinakwenda kutua kwenye kioo baridi na kioo kinakuwa cheupe kama maziwa. Waipa haisaidii, maana ukungu uko ndani. Dereva anafanya nini? Anashika usukani kwa mkono mmoja na kitambaa kwa mkono mwingine, anajifutia katundu kadogo, anachungulia. Anafanya hivyo wapi? Kwenye zile kona tunazoziita Hamsini na Saba, huku bonde likiwa limefunua kinywa upande mmoja!

Hapa Ulaya mambo ya kufuta ukungu na barafu kwenye vioo yaliwekewa masharti ya viwanda tangu miaka ya 1970. Na polisi akikukuta unaendesha huku umekwangua katundu tu kwenye kioo chenye barafu, anakutoza faini. Hawakutozi kwa sababu ya baridi yako. Wanakutoza kwa sababu ya mtoto anayevuka barabara usiyemwona. Na sisi huko Matamba tuna watoto pia.

Sasa swali: hita ilikwenda wapi? Kwa maana gari halikuzaliwa bila hita. Nenda mtaa wa Heyvaert hapa Brussels, kule Anderlecht karibu na machinjio, ambako kwa miaka mingi magari yaliyotumika yamekusanywa, yakapelekwa bandari ya Antwerp, yakasafirishwa Afrika, hasa ya Magharibi. Tangu mwaka 2018 Brussels ilipoanza kuzuia magari yanayochafua hewa, dizeli za zamani zina sababu nyingine tena ya kuhama. Yanaondoka yamechoka, lakini mengi yana hita. Ya kutoka Japani ni vile vile, maana Wajapani nao wana theluji. Hita inakufa mikononi mwetu.

Inakufa hivi. Hita ni rejeta ndogo iliyo ndani ya gari. Maji ya moto ya injini yanapita humo, feni inapuliza, unapata joto la bure kabisa, joto ambalo lingetupwa nje. Siku karejeta hako kakivuja, fundi hakarekebishi. Anachukua ile mipira miwili, anaiunganisha kwa kipande cha bomba, anakwambia "tayari bosi". Mwenye gari anafurahi amelipa kidogo. Kisha gari likichemka siku moja mlimani, fundi yule yule anang'oa themostati na kuitupa, anasema hiyo ni ya nchi za baridi.

Jamani! Na Makete ni nchi gani?

Themostati ni mlango. Unafungwa injini ikiwa ya baridi ili ipate moto haraka, unafunguka maji yakifika nyuzi 80 na kitu. Ukiung'oa, injini inatembea ya baridi asubuhi nzima. Mafuta hayaungui vizuri, moshi unaongezeka, majimaji yanaingia kwenye oili, vyuma vinasagika mapema. Na zipo injini ambazo mlango huo ukiondolewa maji ya moto yanazunguka njia ya mkato bila kupita kwenye rejeta, gari linazidi kuchemka! Kwa hiyo Baba Mdogo, ile dizeli unayolalamika kwamba kijana anaiiba, nyingine huenda inaibwa na tundu lililo wazi pale ilipokuwa themostati.

Najua mtaniambia avae makoti mawili. Kuvaa ni muhimu, sikatai. Fulana kavu ya mikono mirefu ndani, sweta katikati, koti la kuzuia upepo juu, soksi kavu, glovu zinazoruhusu vidole kushika gia. Nguo kadhaa nyepesi zinashinda kabuti moja zito linalomfunga mabega asiweze kugeuka. Wanaopanda nyuma kwenye turubai ndio wavae zaidi. Kwenye nyuzi 5, upepo wa kilomita 40 kwa saa unaufanya mwili uone kama nyuzi 1 chini ya sifuri, kwa kipimo wanachotumia Wakanada. Lakini koti halifuti ukungu. Na vidole vilivyokufa ganzi havijui kama vimeshika breki ya mkono au havijashika.

Mwingine atasema apige kikombe cha ulanzi kabla ya kuondoka. Huyo namwomba anyamaze kabisa. Pombe inaleta damu kwenye ngozi, unahisi moto, kumbe joto la ndani ndilo linatoka. Viroba vilipigwa marufuku mwaka 2017, ila tabia ya kumwambia dereva "jipashe kidogo" bado tunayo majumbani mwetu. Na yule aliyeshauri kuweka jiko la mkaa kwenye gari wakati wa kusubiri abiria, huyo anachimba makaburi. Moshi wa mkaa usioonekana unaua bila kukohoza mtu. Ekzosi iliyotoboka chini ya sakafu ya gari ni hatari hiyo hiyo.

Tunapenda kusema mtu wa Makete hasikii baridi. Tunajisifu nayo mpaka Kariakoo. Lakini angalieni nani husema maneno hayo: ni yule aliyekaa jikoni kando ya moto, akimwambia aliyekaa kwenye bati la Land Rover. Ushujaa wa kugandishwa mwenzako ni rahisi sana.

Kwa hiyo naomba mambo matatu kabla ya Juni. Kwanza, hita irudishwe na themostati irudishwe. Karejeta ka mtumba kakipimwa maji kwanza kanatosha. Pili, mipira ya milango na matundu ya sakafu yazibwe, na ekzosi ikaguliwe. Tatu, kijana anunuliwe glovu na koti, kwa pesa ya gari, siyo akatwe kwenye posho yake. Gari linanunuliwa tairi bila mtu kuliambia lizoee vipara, basi na dereva naye ahesabiwe kama sehemu ya gari, kama kumhesabu mtu kunatushinda.

Mimi nachangia nusu ya gharama za hita. Nusu nyingine itoke kwenye nauli, maana abiria ndio wanaobebwa na kioo kile.

Nimesema. Anayebisha abishe, ila abishe baada ya kupanda Hamsini na Saba saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa saba, amekaa mbele, na kitambaa mkononi.

Bibi mpeni salamu zangu za pekee. Mwambieni lile blanketi bado ninalo.

Wasalaam, tukijaliwa tutaonana.