Kahawa Inayouzwa Ingali Maua



Afikaye Mbinga kwa mara ya kwanza hustaajabia vilima vya Umatengo vilivyojaa vishimo mfano wa sega la nyuki. Hizo ndizo ngoro. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba. Wanawake huzifukia kwa udongo wanaouchimba katikati, na hapo hubaki shimo linalozuia maji ya mvua yasikokote rutuba hadi bondeni. Maharage hutangulia, mahindi hufuata. Hakuna bwana shamba aliyewafundisha wazee wetu jambo hili. Wataalamu ndio waliokuja kujifunza.

Inakuwaje basi watu waliojua kuizuia mvua isiibe udongo washindwe kuyazuia magoma yasiibe kahawa? Mwenye shida huuza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, na mavuno yakifika humpelekea aliyempa fedha. Serikali imekataza, na tangu mwaka 2018 kahawa yapasa kupitia vyama vya msingi vya ushirika. Lakini katazo halinunui sare ya mtoto mwezi Januari, wala chama hakilipi siku ya kupima. Mkulima hungoja mnada. Magoma huishi ndani ya kungoja huko.

Tuseme wazi, maana tumenyamaza mno: wanunuzi wa magoma si wageni. Baadhi yao huketi viti vya mbele kanisani, na zaka zao twazipokea kwa vigelegele, ilhali Papa Leo XIII aliikemea riba ya kinyonyaji katika Rerum Novarum tangu mwaka 1891. Tena mara nyingi baba huzipokea fedha hizo peke yake. Mama aliyechimba ngoro hupata habari siku gunia linapotoka ndani.

Kila jumuiya ndogo ndogo na ianzishe mfuko sasa, fedha za mavuno zingali mkononi, mume na mke wakitia sahihi wote wawili. Parokia nayo itoe sehemu ya sadaka ya mavuno. Mikopo itolewe Januari, irudishwe kahawa ikilipwa. Wengi mna vikoba tayari, ila huvunjwa Desemba kwa ajili ya Noeli, wiki chache tu kabla shida haijabisha hodi. Visivunjwe hadi kahawa ya msimu unaofuata ilipwe. Noeli itapita na soda pungufu kidogo.