Ngedere Aliyemaliza Pointi Zote

Mwaka jana chenji ya sukari ilianza kupungua nyumbani kwangu. Mia mbili leo, mia tano kesho. Nilipofuatilia nikakuta inaishia kwenye kibanda cha gemu, mtaa wa pili kutoka kwetu hapa Lizaboni. Ni mwanangu wa darasa la sita. Nilimchapa, sikufichi, na wiki iliyofuata akarudi kulekule.

Aliyetusaidia ni mdogo wangu anayesoma chuo. Alikuja likizo na laptopu kuukuu, betri imekufa, akatuwekea Scratch. Ni programu ya bure iliyotengenezwa chuo cha MIT, Marekani, ikatolewa mwaka 2007 kwa ajili ya watoto wa miaka 8 hadi 16. Huandiki maandishi magumu. Unaburuta vipande vya rangi na kuvipachika kimoja chini ya kingine, na kila kipande ni amri: sogea, geuka, toa sauti. Ukishaipakua na kuiweka kwenye kompyuta, haidai bando tena. Lugha yake unaweza kuibadili ikawa Kiswahili, na mimi niliyeishia kidato cha pili nikazisoma zile amri nikaelewa. (Wenye watoto wadogo zaidi, ipo ScratchJr, ya miaka 5 hadi 7, ya kwenye tableti.)

Mwanangu akachagua jambo analolijua: ngedere na shamba la bibi yake kule Peramiho. Mbwa unamwendesha kwa vitufe vya mishale, ngedere anatokea pembeni, akigusa mahindi unapoteza pointi moja. Basi. Siku ya pili gemu ikawa inachezeka. Ila ngedere akigusa mara moja tu, pointi zote kumi zinaisha kufumba na kufumbua.

Nikashika simu. “Mama, usimpigie mjomba,” akasema. Tukakaa tunaangalia. Mwisho nikauliza swali la kijinga: kwani huyu ngedere akishakula anakwenda wapi?

Akanyamaza. Kumbe kompyuta inarudia kuuliza “amegusa?” kama mara 30 kwa sekunde, na ngedere bado amesimama palepale, kila jibu linakata pointi. Akaongeza kipande kimoja cha kumrudisha porini papo hapo akishagusa. Ikakaa sawa. Alipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Wazazi wenzangu, kaeni pembeni muulize, ila msishike kipanya. Mwambie mtoto ahifadhi kazi kila baada ya dakika chache, maana umeme ukikatika na betri ni mbovu, kila kitu kimepotea. Sisi ilitukuta mara mbili, ya pili akalia. Na muda uwe na kikomo: kwetu ni saa moja, baada ya vyombo na madaftari.

Kibandani bado anakwenda, Jumamosi, kwa pesa ninayompa mwenyewe. Juzi alirudi mapema. Akasema gemu moja ya pale ina kosa, mchezaji anapenya ukuta, na anadhani anajua sababu.