Siri ya Jeshi Isifunike Ajali ya Ndege

Wasee, tuongee ukweli. Tarehe 18 Aprili 2024 helikopta ya jeshi ilianguka Elgeyo Marakwet. Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi, akafa pamoja na wanajeshi wengine tisa. Hapa Mbita usiku huo kila mtu aligeuka mpelelezi. Wa boda ana jibu, mama wa omena ana jibu, TikTok ndiyo usiseme.

Siwalaumu. Penye kimya, uvumi hujenga nyumba.

Lakini kuna kitu kinaniuma. Ogolla alikuwa rubani wa ndege za kivita, na alisomea pia uchunguzi wa ajali. Rubani yeyote atakwambia: unachunguza ajali ndio mwingine asife vivyo hivyo. Ndege ya abiria ikianguka, hiyo ndiyo kanuni ya dunia. Ya jeshi ikianguka, jeshi linajichunguza lenyewe. Na Septemba 2023 nyingine ilikuwa imeanguka Lamu ikiwa kwa doria ya usiku.

"Usalama wa taifa," tunaambiwa. Sawa. Ficheni njia za doria, ficheni silaha. Lakini ndege ilikuwa na umri gani? Injini ilikaguliwa lini? Nini kimebadilishwa tangu hapo? Kila ajali iwe na ripoti ya mwananchi, yenye tarehe ya mwisho, bila kungoja afe mkubwa.

Kuna vijana hapa Mbita wanaota kurushia KDF ndege. Wako tayari kufia nchi. Wasife kwa sababu ya nati iliyolegea.