Anayejikatia Bima Naye Akaguliwe

Mwananchi wa Ukerewe anayevuka kutoka Rugezi hadi Kisorya, kisha akapanda basi kuja Nyasura mjini Bunda, haulizi ni kampuni gani iliyokikatia bima chombo alichopanda. Huamini tu kwamba la kutokea likitokea, fidia itakuwapo. Imani hiyo ni amana, na mlinzi wake ni Serikali.

Twayasema haya kwa sababu ya aina ya bima isiyozoeleka kwetu. Badala ya kununua bima sokoni, kampuni kubwa yenye migodi, meli au magari huunda kampuni yake ndogo ya bima, ikailipa ada na kuitegemea ilipe hasara. Utaratibu huo ulienezwa katika miaka ya 1950 na Frederic Reiss, mhandisi wa Ohio, Marekani, aliyeufananisha na migodi ambayo madini yake hutumiwa na kiwanda cha mwenye mgodi peke yake. Mwaka 1962 aliupeleka Bermuda, visiwa ambavyo leo ni makao ya mamia ya kampuni za namna hiyo. Jimbo la Vermont nalo lilitunga sheria yake mwaka 1981.

Hatusemi kwamba bima ya kujikatia ni hila. Hupunguza gharama, na humfanya mwenye mali awe mwangalifu, kwa kuwa hasara hutoka mfukoni mwake. Lakini hatukubaliani na wanaodai kwamba, maadamu fedha ni zake mwenyewe, ukaguzi hauna haja. Mganga hajigangi. Kampuni mama ikibanwa na shida, akiba iliyo karibu kuliko zote ni ya mtoto wake. Vitabuni akiba itaonekana ipo, kumbe ni hati ya deni tu. Gari lake likimgonga mtu siku hiyo, atakayekosa haki si tajiri, bali mjane na yatima.

Wala mwenye mali kuwa mkubwa si dhamana. Kenya National Assurance lilikuwa shirika la serikali ya nchi jirani, nalo lilianguka mwaka 1996, wenye bima wakabaki wakihangaika.

Sheria ya Bima Na. 10 ya mwaka 2009 imempa Kamishna wa Bima uwezo wa kusimamia na kukagua kampuni za bima. Twaomba uwezo huo utumike bila haya kwa kampuni yoyote itakayotaka kujikatia bima. Akiba yake iwe mali halisi inayoweza kugeuzwa fedha upesi, si ahadi ya mzazi. Isimkopeshe mzazi bila idhini ya Kamishna. Na pale palipo na abiria au mwenda kwa miguu, sehemu ya mzigo ibebwe na kampuni nyingine kwa njia ya bima mtawanyo.

Sisi wa Ziwa tuna sababu ya kusisitiza. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimejaza kupita kiasi, na watu zaidi ya 220 wakafa. Tume iliundwa baada ya mazishi. Vitabu vya bima navyo vifunguliwe mapema, kabla mjane hajafika dirishani kudai chake.