Pomboo wa bwawani: utajuaje kama yuko sawa?

Kuanzia Desemba 2026, maonyesho ya pomboo yatakuwa marufuku nchini Ufaransa. Sheria yenyewe ilipitishwa Novemba 2021. Kituo kikubwa cha Marineland, mjini Antibes, hakikusubiri tarehe hiyo; kilifunga milango Januari 2025. Watazamaji waliondoka, lakini mabwawani walibaki nyangumi wauaji 2 na pomboo 12, na ukaanza mvutano: waende wapi? Kila upande unasema unamtetea mnyama.

Msikilizaji, pomboo ni wale wanaofuatwa na watalii kwa boti kule Kizimkazi, Zanzibar. Si samaki. Anavuta hewa kama sisi na ananyonyesha. Hasemi, basi utajuaje kama bwawani anaishi vizuri?

Sura haisaidii. Ule mdomo unaoonekana kama anatabasamu ndivyo ulivyoumbwa. Hata akiugua utauona vilevile. Kula nako hakutoshi. Mfugaji analijua hili: ng'ombe anaweza kumaliza pumba zote na bado akawa anachechemea.

Na kweli, wataalamu walianzia zizini. Ulaya ilikuwa na utaratibu wa kupima ustawi wa ng'ombe, nguruwe na kuku. Mwaka 2015 watafiti waliuchukua wakautengeneza upya kwa ajili ya pomboo, ukawa na vipimo 36. Ukubwa wa bwawa na usafi wa maji bado vinaangaliwa, ila uzito mkubwa uko kwa mnyama mwenyewe. Amekonda? Macho na ngozi vikoje? Anacheza, au anazunguka njia ileile muda wote? Ana mikwaruzo mingi ya meno ya wenzake? Pomboo wakigombana hukwaruzana kwa meno, na bwawani anayeonewa hana pa kukimbilia.

Utafiti mmoja uliofanyika Parc Astérix, karibu na Paris, ulilinganisha mambo matatu: pomboo kuachwa wenyewe, kuwekewa vitu vya kuchezea, na kuchezeshwa na mtu wanayemfahamu. Walichokisubiri kwa hamu zaidi ni yule mtu. Wenye mabwawa wakafurahi: mnaona, wanatupenda! Wapinzani wakajibu kwamba mfungwa naye humsubiri anayemletea chakula. Mimi naona wapinzani wana hoja. Kumsubiri mtu kwa hamu hakuonyeshi kama mnyama angechagua kubaki pale. Parc Astérix nayo ilifunga bwawa lake mwaka 2021.

Hapo ndipo kipimo kinapofika mwisho. Kitakuambia bwawa hili ni afadhali kuliko lile, au pomboo huyu amedhoofika tangu mwezi uliopita. Hakikuambii kama ni haki kumfuga.

Kuwafungulia baharini si rahisi pia. Aliyezaliwa bwawani amezoea kulishwa samaki waliokufa, hajawahi kuwinda. Kwa hiyo wanaobishana wanapima mawili: bwawa jingine, pengine nchi nyingine, au ghuba iliyozungushiwa wavu, yenye walishaji na daktari. Ghuba inavutia kuisikia, lakini pomboo anaweza kuishi zaidi ya miaka 40, na kila siku lazima ale. Popote watakapopelekwa, wapimwe kabla ya safari na wapimwe tena miezi kadhaa baadaye, na majibu yawekwe hadharani.