Mtoto Akibuni, Tusimwite Mwongo



Katika ziara zetu za kuwatazama wenzenu wakiwa katika mazoezi ya kufundisha, huko Kibaha na Kisarawe, tulikutana na daftari moja ambalo halijatutoka moyoni. Wanafunzi wa darasa la tano walikuwa wametakiwa waandike insha juu ya mto. Mmoja wao aliandika kwamba Mto Ruvu ulichoka kupelekwa Dar es Salaam ndani ya mabomba, ukapanda mbinguni usiku, na asubuhi watu wa Mlandizi wakakuta samaki wamelala juu ya mchanga. Kisha alieleza jinsi bei ya dumu la maji ilivyopanda, jinsi wanawake walivyoamka alfajiri kuchimba visima, na jinsi shule ilivyofungwa kwa kukosa maji ya kupikia uji. Mwalimu aliyesahihisha insha hiyo alipiga mstari mwekundu toka juu hadi chini, akaandika neno moja: "Uongo".

Hatumlaumu mwenzetu huyo, kwa kuwa alisahihisha kama alivyosahihishwa yeye utotoni. Hata hivyo twaona kwamba mstari ule ulikata kitu kikubwa kuliko insha. Mwongo hutaka asadikiwe. Mbunifu hutaka tufikiri pamoja naye. Bibi anayeanza kwa "Paukwa" na kungoja aitikiwe "Pakawa" hamdanganyi mtu yeyote. Anaomba ruhusa ya kuwachukua wasikilizaji mahali pasipokuwapo, ili wakirudi wapaone vizuri zaidi pale walipo.

Watunzi wetu wakubwa wameitumia njia hiyo. Shaaban Robert, katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951 wakati nchi ilipokuwa chini ya ukoloni, alibuni nchi inayoelea angani ili apate kuuliza juu ya haki na sheria. Katama Mkangi, mwana wa pwani ya Kenya na mwalimu wa elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1986 aliwekwa kizuizini bila ya kufikishwa mahakamani. Mwaka 1995 ikatoka riwaya yake Walenisi. Humo Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo, anatiwa ndani ya chombo kirukacho angani ili akafe. Naye anakimudu chombo hicho na kufika katika nchi isiyo na wanyonyaji wala wanyonywaji. Jina la nchi hiyo, likitamkwa polepole, ni "wale ni sisi". Mkangi alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 2004, lakini swali lake lingali hai: ingekuwaje kama tungeishi vingine?

Swali hilo limewashughulisha watunzi wa mbali pia. Huko Japani, Sakyo Komatsu, aliyezaliwa Osaka mwaka 1931, alikuwa kijana wa miaka 14 vita vilipomalizika na nchi yake kushindwa. Baadaye alijiuliza Wajapani wangekuwa watu gani kama wangeipoteza hata ardhi yenyewe. Alitumia miaka 9 kuandika riwaya iliyotoka mwaka 1973, ambamo visiwa vya Japani vinazama baharini. Yafaa tuitazame njia yake ya kazi. Alibuni jambo moja kubwa. Mengine yote aliyafuatisha kwa kanuni. Wataalamu wa miamba wanapima, serikali inahangaika, na nchi nyingine zinaombwa ziwapokee watu wasio na kwao. Mambo hayo yanafuatana hatua kwa hatua, wala hayaokotwi ovyo.

Sasa tulirejee daftari letu. Je, mtoto yule hakufanya hivyo hivyo? Alibuni jambo moja, mto kupanda mbinguni. Baada ya hapo kila alichoandika kilitokana na hilo: samaki, dumu, visima, uji.

Lugha yetu imetupa chombo cha kazi hii, nacho ni kiambishi -nge-. Hatuna budi kukiri kwamba tumekifundisha kwa ubahili. Tunaandika ubaoni, "Ningekuwa tajiri ningenunua gari," watoto wanakariri, na somo linakwisha. Twapendekeza mwalimu achague jambo moja tu la kubadilisha, lililo karibu na macho ya watoto. Mathalani, Kisarawe aulize: ingekuwaje kama msitu wa Pugu ungekatwa wote kwa ajili ya mkaa? Watoto wafuatilie udongo na maji ya mvua, washuke na Mto Msimbazi, ambao chanzo chake ni katika vilima hivyo, mpaka bonde la Jangwani, Dar es Salaam, ambako mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu majumbani mwao. Hapo somo la sayansi, la jiografia na la Kiswahili yatakuwa yamekutana katika insha moja. Na wakati wa kusahihisha, mwalimu asiulize, "Je, hili ni kweli?" Aulize, "Je, hili linafuata kutoka lile?"

Watakuwapo watakaosema kwamba darasa lina watoto wengi, vipindi ni vichache, na mtihani wa mwisho hauulizi habari za mito inayoruka. Ni kweli kwamba mzigo ni mzito. Lakini insha ni lazima isahihishwe kwa vyovyote, na swali moja pembeni halitumii wino mwingi kuliko neno "Uongo". Tena Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule imjengee mtoto akili ya kudadisi. Mtoto aliyezoea kuulizwa kinachofuata ndiye atakayeuliza, akiwa mtu mzima, kitakachofuata mti wa mwisho ukianguka. Yule aliyepigiwa mstari atajifunza kuandika yale tu ambayo mwalimu anayajua tayari.

Tulizungumza na mwenzetu yule kwa upole, chini ya mwembe, baada ya kipindi. Alilitazama daftari kwa muda, kisha akaandika chini ya neno lake: "Na watu wa Dar es Salaam walifanyaje?" Tuliporudi juma lililofuata, mtoto alikuwa ameleta kurasa mbili, na wenzake wanne walikuwa wakibishana naye juu ya mahali ambapo mto ungeshuka tena.