Mwamuzi Atamke Kabla Mpira Haujatua

Tangu mwaka 2018, ulipofunguliwa uwanja wa besiboli katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, mchezo huo na nduguye softiboli umezungumzwa zaidi kwa hesabu ya magongo na glavu. Lakini siku softiboli itakapopelekwa hata katika shule za Lusu, wilayani Nzega, yafaa atangulie mwalimu anayejua kuamua.

Wengi hudhani kazi ya mwamuzi ni kutazama mpira ulipoangukia. La hasha! Mpira unaotambaa ndani ya mstari, kisha ukatoka nje kabla ya kufikia kituo cha kwanza au cha tatu na kutulia huko, ni batili. Ukipaa na kuangukia ndani, mbele ya kituo hicho, ni halali hata ukiviringika nje baadaye. Uliotua juu ya mstari ni halali pia. Mchezaji akiugusa, hutazamwa mpira ulipo, si miguu yake.

Hayo hujifunzika upesi. Ugumu halisi upo katika mpira wa juu. Wakimbiaji wako kituo cha kwanza na cha pili, waliotolewa hawajafika wawili, na mpigaji anapaisha mpira unaomshukia mlinzi wa ndani. Mlinzi mjanja angeuacha udondoke makusudi: wakimbiaji waliobaki vituoni wakidhani utadakwa wangelazimika kukimbia, naye angewatoa wawili badala ya mmoja. Kwa sababu hiyo sheria yamtaka mwamuzi atamke, mpira ukiwa bado hewani, kwamba mpigaji ametoka, udakwe usidakwe. Hapo hakuna tena anayelazimika kukimbia.

Sharti ni kwamba mlinzi angeweza kuudaka kwa juhudi za kawaida. Juhudi za nani? Msichana wa Lusu aliyevaa glavu mwezi uliopita hawezi kupimwa kwa kipimo cha timu ya Japani, iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2008 na tena mwaka 2021. Mwamuzi lazima awajue anaowaamua.

Naye akisita mpaka mpira ukatua, mkimbiaji aliyetulia kituoni ndiye atakayeadhibiwa, na mlinzi aliyehadaa atashangiliwa na shule nzima. Maofisa elimu wanaopanga fedha za michezo waweke mafunzo ya waamuzi katika mstari wa kwanza wa bajeti, magongo yafuate.